Mikono ya Msimu

Msimu wa mashindano ya mpira wa kikapu ulipowadia, kila mchezaji wa sekondari aliazimwa mazoea ya mikono ya mchezaji wa chuo kikuu, naye wa chuo akatunza ya mwenzake. Atupele wa sekondari alipewa ya Zawena, nahodha wa chuo anayetumia mkono wa kushoto.

Nyumbani, mama yake, Bi Sekela, hakuchoka kumtazama. Binti alimenya ndizi kwa kushoto, na Jumamosi, alipomsuka mama, kitana kikapita juu ya kovu la nyuma ya sikio, alilozoea kulikwepa.

"Aii! Kovu langu, mwanangu!"

"Samahani, mama. Mikono inajiendea tu."

Timu ya Atupele ilitwaa kombe. Kila mmoja akarudishiwa yake, au ndivyo walivyoambiwa. Jumapili Zawena akaja kusalimia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba! Hebu niione hiyo mikono iliyotupatia kombe."

Zawena akacheka, akakaa nyuma yake, akaanza kumsuka kwa mkono wa kulia. Alipofika sikioni, vidole vikalizunguka kovu taratibu, bila kuambiwa. Bi Sekela akafumba macho kwa raha, kama Jumamosi zote za zamani.

Alipoyafumbua, Atupele alikuwa amesimama mbele yake, kitana mkono wa kushoto, hajui aanzie wapi.