Hondohondo na Ukuta Wake

Hondohondo jike alijiziba kwa udongo ndani ya shimo la mti, akatotoa makinda, na mumewe akawalisha kupitia tundu dogo. Siku moja tai alimuua mumewe. Makinda wakalia njaa, mama akasali.

"Subirini. Mungu ataleta mdomo wa kutulisha."

Kuchakulo, jirani yake, akachoka kumsikia. "Shoga, tangu jana unaomba mdomo! Huo wako ni pambo?"

"Mfiwa huambiwa hivyo?" Hondohondo akafoka, akaugonga ukuta kwa nguvu ili atoke amdonoe. Udongo ukapasuka, akajikuta nje juani. Kuchakulo alikuwa ameshakimbia, na makinda bado wanalia.

Hondohondo akatazama mbinguni. "Ee Mola, si ungeniambia tangu jana," akanung'unika, akaruka kwenda kutafuta panzi.