Kuku wa Ijumaa

Kila Ijumaa kwao walipika Kihindi, na ubishi ulianza kabla ya sahani kupangwa. Mume alishikilia biriani. Dada yake aliapa kwamba korma, kuku wa mchuzi mzito wa mtindi, haina mpinzani.

Mke akafunua sufuria ya korma. Wifi yake akaziba pua. "We wifi, umetupikia soksi? Kuku kaoza huyu!"

"Acha utani wako."

Mke akainama mpaka mvuke ukamlowesha kope. Hakusikia harufu yoyote. Tangu augue homa mwezi uliopita hakuwa akisikia, wala hakumwambia mtu, maana alikuwa mpishi wa chekechea na pua ndiyo iliyompa ugali.

Kuku huyu alikuwa salio la wale aliowapikia watoto shuleni. Asubuhi aliwanusa kuku wote mbele ya mwalimu mkuu, akasema, "Safi kabisa, watoto watajilamba vidole."

"Mama watoto," mume akaita, "mwalimu mkuu anakupigia simu."