Bawabu wa Baraza Tupu

Zamani zile Amerika, redio ilipoingia mashambani, wanyama waliacha kwenda barazani kujadili uchaguzi. Kila mmoja alibaki kwake akimsikiliza aliyekubaliana naye. Bata Mzinga, bawabu wa baraza, aliendelea kulifagia, mara nyingine akisimama kusikiliza kama kuna nyayo njiani.

Alichokikosa zaidi ni desturi yao. Hukuruhusiwa kumjibu mpinzani kabla ya kuyarudia maneno yake, mpaka mwenyewe akiri, "Ndivyo nilivyosema."

Siku moja Kicheche alisimama nje ya uzio.

"Bibi, bado unawangoja?"

"Namngoja hata mmoja anayeijua desturi. Vijana wa sasa ni kubweka tu."

"Mimi naijua."

"Wewe? Uliketi wapi?"

"Hapa hapa nje. Kila uchaguzi nilikuja, nikafukuzwa, eti nanuka. Nanuka kweli, lakini masikio yangu hayanuki."

Bata Mzinga alifurahi, akasafisha koo. "Umesema kwamba ulikuja, ukafukuzwa."

"Sijamaliza, Bibi. Aliyenifukuza ni wewe."

Ufagio ukamponyoka. Alitaka kusema kwamba sheria hakuitunga yeye, lakini desturi haikumruhusu kujibu bado.

"Umesema," alinong'ona, "kwamba kila uchaguzi ulikuja, na mimi ndiye niliyekufukuza."

"Ndivyo nilivyosema."

Miaka mingi alikuwa hajayasikia maneno hayo. Bata Mzinga alifungua lango, akakipangusa kiti cha mbele.

"Ingia, mzee mwenzangu. Jibu langu nitalitoa ukiwa umeketi."