Umeme Umerudi

Mtaani kwetu Tukuyu, jua likijificha siku nyingi, betri ya mtaa humhudumia kwanza mwenye mashine ya kupumulia. Ndiyo sheria. Mashine ikifanya kazi, nyumba nyingine zote hungoja gizani.

Mimi nimezunguka nchi za watu, nikarudi mzee kumuuguza dada yangu Atuganile, anayepumua kwa mashine hiyo. Mawingu yalipoingia wiki ya pili, majirani wakazidi kuja kumjulia hali.

"Mgonjwa anaendeleaje?" aliuliza Mama Lusajo, kibatari mkononi.

"Anapumua."

"Tunashukuru." Akatazama chini. "Enzi za mitambo ya gesi, wingu lilikuwa wingu tu."

Atuganile alisikia kutoka kitandani. Mgeni alipoondoka akaniambia, "Kaka, nina hamu ya ndizi mbivu. Zile za sokoni."

"Na mvua hii?"

"Tangu lini mvua ikakuzuia, mzururaji wewe?" Akacheka, nami nikaenda.

Narudi na kichane changu cha ndizi, nikaona taa zinawaka, nyumba hadi nyumba. Watoto walishangilia, redio zikaanza kuimba. Mama Lusajo akanipungia mkono mlangoni kwake.

"Umeme umerudi, mzee!"

Nikatazama juu. Wingu lilikuwa palepale.