Kiondo Mama

Nilihesabu mara ya tatu, na bado ua nililolisuka kiondoni halikufunga. Nyuzi nyeusi na nyekundu zilipishana kwa uzi mmoja.

Wanawake thelathini wa kikundi chetu cha Nunguni walikuwa wameketi nyasini, katani mapajani, wakingoja kukiiga Kiondo Mama, kikapu cha mfano. Mnunuzi alitaka viondo vinavyofanana, la sivyo angevirudisha vyote.

Kwetu mtu hagusi Kiondo Mama ovyo. Mwenye wazo husuka kwanza kiondo kidogo nyumbani. Kikundi kikikubali, ndipo wazo linaingizwa kwenye Mama, na wote wanalifuata. Ua jeusi lilikuwa langu, wazo langu la kwanza kukubaliwa. Mstari mwekundu ulikuwa wa mwenyekiti, Syombua. Aliuingiza jana peke yake, bila kutuonyesha.

“Unatafuta chawa humo ndani?” Syombua aliniuliza. Wenzangu wakacheka.

Nilimwonyesha kwa kidole. “Nyuzi hazikutani, mama. Mzunguko wa kumi na mbili.”

Alikichukua kiondo, akahesabu kwa ukucha, polepole. Alipofika mwisho alirudia. Hakuna aliyecheka tena.

“Ni kweli,” akasema. “Moja lazima lifumuliwe. Ua lako ama mstari wangu.” Akaniwekea kiondo magotini. “Wewe ndiye umeona. Fumua.”

Nilitazama chini. Nilisikia wanawake wameacha kusokota katani.

Nikashika uzi mwekundu, nikavuta.