Mguu wa Wifi

Mjane alikuwa amelala kifudifudi ufukweni, mkono mmoja umezama mchangani hadi kwenye kiwiko, vidole vimemng'ang'ania kombe mrefu mwenye gamba kali kama wembe. Kombe naye alikuwa akijivuta kwenda chini. Ukimharakisha anakatika; sharti umshike tu mpaka achoke.

Ndipo buti likamkanyaga begani. Alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe.

"Kaka yangu kafa. Hapa petu unachimba kwa ruhusa ya nani?"

"Ya njaa ya wanawe, wifi. Hebu toa mguu."

"Mwachie kombe kwanza."

Maji yalikuwa yameanza kujaa. Povu lilimfika mjane shavuni, likamwingia mdomoni na mchanga wake. Wifi akacheka, akazidi kukandamiza.

"Bahari ikutie adabu, maana sisi umetushinda."

Mjane akatema maji. Kwa mkono uliokuwa huru akakidaka kifundo cha mguu wa wifi, akakibana mpaka akausikia mfupa.

"Mimi kuogelea najua," alisema. "Wewe je?"

Wimbi lililofuata lilikuja limesimama.