Tangi la Nne

Tangi la nne lilikuwa limegeuka manjano.

Mama Matangi, kama walivyozoea kumwita pale maabara, alisogea karibu akalichungulia vizuri. Juzi tu mwani uliokuwa ndani yake, mdogo hata hauonekani kwa macho, ulikuwa kijani kibichi. Matangi mengine matatu yalikuwa yanatoa mapovu kama kawaida.

Alijua kosa ni lake. Daktari, mkuu wa maabara, alimwachia ndoo nne za mbolea ya maji, moja kwa kila tangi. Jumatatu, akiwa katikati ya kumimina, mama yake alipiga simu kulalamikia magoti, na bibi yule akianza hamalizi. Bila shaka ndoo mbili ziliingia tangi la tatu.

Daktari alikuwa safarini wiki nzima. Kabla ya kuondoka alisema waziwazi: wenye mradi wanataka mwani utoe mafuta mengi zaidi, na safari hii yasipoongezeka, maabara inafungwa. Miaka sita ya kazi, watoto watatu, mume hana ajira.

Hakumwambia mtu. Alikoroga mbolea nyingine, akamimina, akawasha taa zote. Jumamosi alikuja, Jumapili akaja tena, akaubembeleza mwani kama mtoto aliyesusa chakula. Jumapili jioni ukijani ulirudi. Alilia, kisha akacheka peke yake kama mwehu.

Jumatatu Daktari aliingia na begi mkononi, hata salamu hakuimaliza. Alikwenda moja kwa moja kwenye tangi la nne, akainama, akalitazama kwa muda mrefu.

"Halijabadilika rangi hata siku moja?"

"Hata siku moja, Daktari. Haki ya Mungu."

Daktari alivuta kiti, akakaa kama mzee.

"Ndoo ya nne niliijaza maji matupu," alisema. "Sikukwambia kwa sababu nakujua, ungeuonea huruma ukaulisha. Mwani ukishinda njaa hugeuka manjano, na hapo ndipo unapojaa mafuta. Kama huu umekaa kijani wiki nzima bila chakula, basi nimekosea tangu mwanzo."

Akatoa simu.

"Wacha niwaambie wafunge."